Maji ya Batiki, Jua na Fedha Zetu

Hotuba ya Kamati ya Fedha na Mipango katika hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya kata yetu, Dar es Salaam



Taarifa ya mapato na matumizi iko ukurasa wa mbele wa kijarida, imekaguliwa, na hatutaisoma hapa. Tumeomba dakika ishirini kwa jambo moja tu, nalo ni mto.

Wote mnaujua ulivyokuwa. Sasa ukishuka kutoka shuleni kwenda kwenye daraja la miti, siku nyingine maji ni ya bluu, siku nyingine ni ya zambarau, na siku ambazo akina mama wana oda kubwa ya vitambaa vya harusi huwa kama chai ya rangi. Vikundi vyetu vya batiki vinafanya kazi mita chache tu juu ya mahali ambapo watoto wa shule huchota maji. Katika mkutano wa mwezi wa tatu wapo waliosema batiki ipigwe marufuku. Wapo waliosema mto ni mto, utajisafisha wenyewe. Na wapo waliotutumia video kwenye simu, ikionesha mtu akinyunyiza unga mweupe kwenye bilauri ya maji ya bluu, akaiweka juani, na baada ya saa moja maji yakawa meupe pe. Wakauliza: kwa nini tusinunue unga huo, tukasafisha rangi na kuua vijidudu kwa mpigo mmoja? Mfanyabiashara mmoja naye akaleta sampuli na bei.

Tuliagizwa tulichunguze hilo kabla ya kuomba senti ya mtu. Kamati yetu ni ya watu wa hesabu zaidi kuliko watu wa kemia, kwa hiyo tulisoma, tukawauliza wanaojua, kisha tukalipitia kama tunavyopitia vitabu vya kampuni yoyote: tunauliza kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki kiko wapi.

Kwanza, unga huo si uganga wala si utapeli, na ni vizuri tulitamke hilo mapema. Kilichomo kwa kawaida ni titani dioksaidi, weupe ule ule ulio kwenye rangi ya kupaka ukuta. Mwaka 1972 wanasayansi wawili wa Japani, Fujishima na Honda, walitangaza katika jarida la Nature kwamba kitu hicho kikipigwa na mwanga kinaweza kuyavunja maji yenyewe. Mwaka 1985 Matsunaga na wenzake, nao wa Japani, wakaonesha kwamba kinaua bakteria na hamira. Kuanzia hapo maabara duniani kote zimekuwa zikikiboresha, na kule Almería, Hispania, kuna kituo kikubwa cha utafiti wa jua ambako maji machafu hupitishwa kwenye mabomba ya kioo yenye vioo vya kukusanya mwanga nyuma yake. Kampuni ya Pilkington iliuza vioo vya madirisha vinavyojisafisha kwa njia hii tangu mwaka 2001. Kwa hiyo kitu kipo na kinafanya kazi.

Kinafanyaje? Chembe ya titani ikipigwa na mwanga wenye nguvu ya kutosha, elektroni moja huruka kutoka mahali pake na kuacha tundu. Tundu lina njaa: hunyang'anya elektroni kwenye maji yaliyo karibu, na maji yaliyonyang'anywa hugeuka kitu kikali mno, ambacho hudumu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho lakini katika muda huo hurarua chochote kilicho jirani. Elektroni iliyoruka nayo hukamata oksijeni na kuifanya kali vivyo hivyo. Rangi ikiwa jirani, hukatwa vipande. Bakteria ikiwa jirani, ngozi yake hutobolewa.

Shida ya hesabu ni kwamba elektroni na tundu hupendana. Mara nyingi hurudiana kabla ya kufanya kazi yoyote, kama mtu aliyekopa asubuhi akarudisha dakika hiyo hiyo: daftari limeandikwa pande zote mbili, lakini hakuna biashara iliyofanyika. Hapo ndipo linapoingia neno mlilolisoma kwenye karatasi ya yule mfanyabiashara, nanokompositi. Maana yake ni chembe ndogo sana zilizochanganywa za aina mbili au zaidi, ambapo aina moja hupokea mwanga na nyingine huishika elektroni isirudi. Wengine huweka grafini, wengine zinki oksaidi, wengine fedha. Fedha ya madini, tafadhali, siyo hii tunayoiomba usiku huu.

Udogo nao una faida yake. Chembe hizo zina upana wa nanomita 25 hivi, na unywele mmoja ni zaidi ya mara elfu mbili ya hapo. Gramu moja ya unga wa titani unaotumika sana maabara ina uso wa mita za mraba 50 hivi ukiukunjua wote. Hilo ni darasa zima la shule yetu ya msingi ndani ya kijiko cha chai.

Sasa twende kwenye maswali, maana fedha za chama huondoka kwa majibu ya maswali.

Tulianza na ile video. Maji yamekuwa meupe. Je, rangi imekwenda wapi? Hapa walimu wetu wamekuwa ni akina mama wa batiki wenyewe. Tulipowaonesha, mmoja wao alicheka. Alisema: wanangu, sisi tukiweka kostiki na haidro kwenye beseni, rangi nayo hubadilika mpaka mgeni akadhani imekufa, kitambaa kikitoka kikapigwa na hewa, inarudi. Mama huyo hajasoma kemia, lakini alisema jambo ambalo wataalamu wanaandika kurasa nyingi kulieleza. Rangi kupotea machoni si ushahidi kwamba imevunjwa. Inaweza kuwa imebadilika umbo kwa muda. Inaweza kuwa imeganda tu kwenye unga, na unga umezama chini. Inaweza kuwa imekatwa nusu, na vipande vyake visivyo na rangi viko majini bado. Kuna rangi za kundi la azo ambazo vipande vyake vingine ni vibaya kuliko rangi yenyewe. Anayetaka kuuza lazima atuoneshe vipimo vya kaboni iliyobaki majini, siyo picha ya kabla na baada.

Na lazima atuoneshe vipimo vya gizani. Weka unga kwenye maji ya rangi, funika, subiri muda ule ule. Rangi ikipungua gizani, basi haikuvunjwa na mwanga, imenyonywa. Kisha weka maji ya rangi juani bila unga wowote, maana rangi nyingine hupauka zenyewe; kila mwenye khanga iliyoanikwa muda mrefu analijua hilo. Tofauti kati ya vyombo hivyo vitatu ndiyo kazi halisi ya unga. Sisi wa hesabu hatukuona ugeni hapo: ni kulinganisha daftari na taarifa ya benki. Methilini bluu, ambayo ndiyo rangi inayotumika mno kwenye majaribio ya namna hii, ina tabia ya kupokea mwanga yenyewe na kusaidia kujiharibu, kwa hiyo inaweza kumpa muuzaji sifa asiyostahili. Karatasi ya mfanyabiashara wetu ilikuwa na methilini bluu peke yake. Vyombo vya gizani havikuwemo.

Kwa upande wa bakteria ni hivyo hivyo. Kama unga una fedha, fedha huua bakteria hata usiku wa manane, bila jua. Na jua nalo huua bila unga. Mnaikumbuka njia ya chupa: chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, maji yasiyo na tope, juu ya bati kwa saa 6 siku ya jua, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut ndio waliolianzisha wazo hilo karibu na mwaka 1980, na taasisi ya Eawag ya Uswisi ikalifanyia utafiti na kulieneza kuanzia miaka ya 1990. Chupa hiyo ni bure. Kwa hiyo swali letu kwa muuza unga si kama bakteria walikufa. Tunauliza walikufa kiasi gani zaidi ya wale ambao jua lingewaua bila yeye kulipwa.

Jambo jingine: ule ukali wa majini huisha mara tu jua linapozama. Hakuna kinachobaki kulinda maji. Ukiyamimina kwenye ndoo yenye kikombe kilichochovywa na mikono kumi, vijidudu vinarudi. Klorini hubaki na kuendelea kulinda. Zahanati inataka maji ambayo katika kila mililita 100 hayana hata E. coli mmoja, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, na inayataka saa nane za usiku mama anapojifungua.

Tumefika kwetu sasa, maana kitu kinaweza kufanya kazi Almería kikashindwa kwetu, na sababu ziko wazi.

Mwanga kwanza. Titani ya kawaida hutumia mionzi ya urujuanimno tu, ambayo ni kama sehemu 5 kati ya 100 za nguvu ya jua inayofika ardhini. Nanokompositi mpya hujitahidi kutumia na mwanga unaoonekana, na huo ndio utafiti wenye matumaini zaidi. Lakini ninyi mnajua Uluguru. Upande wetu wa mlima ukungu hukaa mpaka saa nne, na masika ikishika hatuoni jua wiki nzima. Mradi unaosimama mvua inaponyesha, wakati batiki haisimami, ni mradi wa nusu mwaka.

Kisha kina cha maji. Majaribio mengi hufanywa kwenye bilauri yenye rangi kidogo mno. Maji ya beseni la batiki ni mazito, mwanga unaishia juu juu. Tukichukua mfano wa akina mama 14, kila mmoja akimwaga ndoo tatu za lita 20 kwa siku ya kazi, ni lita 840. Ili mwanga upenye, tuseme tuyatandaze kwa kina cha sentimita 2: tunahitaji trei zenye eneo la mita za mraba 42, zinazokaa juani mchana kutwa. Kwa kipimo cha gramu 1 kwa lita, ambacho ni cha kawaida kwenye maabara, ni gramu 840 za unga kwa mkupuo mmoja. Unga hutumika tena na tena, ndiyo, lakini mpaka uweze kuurudisha. Chembe za nanomita 25 zinapita kwenye kitambaa na zinapita kwenye mchanga. Wengine wamezichanganya na oksidi ya chuma ili zivutwe kwa sumaku, wengine wamezigandisha kwenye kioo au vigae, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia pekee ya kuzungumzwa. Unga mtupu kumwagwa kwenye mto hatutaulipia. Umoja wa Ulaya uliuondoa titani kwenye vyakula mwaka 2022, na vumbi lake likivutwa puani lilishawekwa kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Hatusemi hayo kumtisha mtu. Tunasema usitoke kwenye trei ukaingia kwenye kisima.

Lakini kikubwa kuliko vyote ni kostiki. Tumezungumza rangi, rangi, rangi, kwa sababu rangi inaonekana. Kinachowaua samaki na kuwachubua watoto miguu ni kostiki soda, ambayo haina rangi kabisa, na haidro, ambayo hula oksijeni yote ya maji. Hakuna unga wa jua unaoondoa kostiki. Tena haidro huo ule ukali wa titani huumaliza kabla haujaifikia rangi. Tungenunua mtambo wote huo, mto ungekuwa mweupe na bado ungekuwa na sumu, na sisi tungepiga picha tukiwa tumesimama kandokando yake.

Basi kamati inapendekeza nini?

Kati ya kila shilingi 100 mtakazochangia mradi wa mto, tunaomba 50 ziende kwenye matangi matatu ya saruji, yanayofuatana, karibu na banda la batiki. Kwenye la kwanza maji yanakaa wazi na kukorogwa siku mbili, haidro inaisha nguvu kwa hewa, na rangi za aina wanayotumia akina mama hurudi kwenye umbo lisiloyeyuka na kuzama chini kama masimbi. Kwenye la pili kostiki inapozwa kwa siki au asidi ya limao mpaka karatasi ya kupimia isome kati ya 7 na 8. Utaratibu huu usigeuzwe: haidro ambayo haijaisha ikikutana na asidi hutoa gesi kali ya salfa, na atakayesimamia lazima afundishwe kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Tope likaushwe, lifungwe kwenye viroba, lisipelekwe shambani. Tangi la tatu ni la kuchuja kwa mchanga na mkaa.

Matangi yatakaa zaidi ya mita 60 kutoka mtoni, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka, na banda la batiki lenyewe litasogea juu pia. Hilo lina maana ya ardhi. Kwetu ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo tulikwenda kwa wazee wa ukoo husika kwanza, na bibi zetu wametoa eneo kwa maandishi. Waliweka sharti moja, kwamba asifukuzwe mama yeyote kwenye kazi yake. Kamati imelikubali bila mjadala. Fedha za batiki ndizo zilizosomesha baadhi yetu tunaosimama hapa na tai shingoni.

Shilingi 30 ziende kwenye chemchemi ya juu: kuijengea, kuvuta bomba mpaka shule na zahanati, na klorini ya mwaka mzima. Watoto wasingoje mto usafike ndipo wanywe.

Shilingi 8 ni za vipimo, kwenye maabara ya maji ya serikali, kila miezi mitatu, juu na chini ya banda. Mhasibu asiye na mkaguzi mnamjua mwisho wake.

Na shilingi 12, hizi ndizo zenye ubishi ndani ya kamati yenyewe, ziende kwenye jaribio la titani. Wapo kati yetu waliotaka iwe sifuri. Tulikubaliana 12 kwa sababu mahali pake pa kweli papo: mwisho wa mstari, baada ya tangi la tatu, maji yakiwa yameshapungua rangi, hayana kostiki, na mwanga unapenya. Vigae vilivyopakwa, siyo unga. Trei sita: mbili zenye vigae juani, mbili zenye vigae gizani, mbili zisizo na kitu juani. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wasome na kuandika kila siku, na tutawaandikia Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro tuombe mtu wa kuwasimamia na kupima kaboni. Tusione kwamba mambo haya ni ya Wajapani. Mtanzania mwenzetu, Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015 kwa chujio lake la maji lenye chembe za nano. Lile ni chujio, halitegemei jua, lakini lilianzia kwa mtu aliyeuchunguza ugonjwa wa maji ya kwao.

Kama trei za jua zenye vigae hazitazishinda trei nyingine baada ya msimu mmoja wa kiangazi na mmoja wa mvua, fedha iliyobaki itahamia kwenye klorini, na tutaandika matokeo hapa kwenye kijarida vile vile yalivyo.

Neno kwa wale waliosema kule ni mbali, sisi tuko Dar. Mto wetu unaingia Ruvu. Ruvu ndiyo inayojaza mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Chupa za maji zilizoko mezani mwenu ni za dukani, lakini chai mliyokunywa asubuhi nyumbani, wengi wenu, ilishuka kutoka kwetu.

Fomu za ahadi ni zile za kijani. Andikeni kiasi, mwezi mtakaoanza na mwezi mtakaomaliza. Anayetaka fedha yake iende kwenye fungu moja tu aweke alama, na tutaliheshimu. Risiti zinatolewa mlango wa kushoto kabla hamjatoka, na mlioko nje mtatumiwa kwa simu. Makisio kamili, pamoja na bei tulizopewa na mafundi watatu wa matangi, yako kurasa tatu za mwisho. Sampuli za kwanza za maji zitachukuliwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, ili tuwe na salio la kuanzia.